Mhalifu wa Kumi na Mbili

Mimi nimekaa, ninyi mmekaa, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana habari hii nikishaianza sitaki mtu aniambie nifupishe. Ni habari ya nchi mbili zilizopendana mpaka wananchi wakaumia.

Ya kwanza iliitwa Jamhuri ya Tambo, ya pili Jamhuri ya Bwerere. Msihangaike kuzitafuta kwenye ramani. Na akitokea wa kusema zinafanana na nchi anayoijua, basi hayo ni macho yake, mimi simo. Kati ya nchi hizo palikuwa na mstari wa mikonge, uliopandwa zamani na mpima ardhi mmoja wa kikoloni aliyekuwa na homa, na mstari huo ukakipasua kijiji cha Mwanzala katikati kama papai. Zipo nyumba ambazo jiko liko Tambo na choo kiko Bwerere. Watu wake hawakuona tabu yoyote. Mtu akibanwa, anakwenda nchi ya nje, anarudi.

Basi mwaka mmoja marais wa nchi hizo wakakutana katika hoteli yenye mazulia mazito, wakakumbatiana mara tatu kwa ombi la wapiga picha, wakasaini Mkataba wa Udugu, Usalama, Uhamiaji na Utulivu Mpakani. Ulikuwa na kurasa mia mbili na arobaini. Mia mbili na thelathini zilikuwa za kushukuru. Zilizobaki ziliunda Kamati ya Pamoja, zikaigawia magari na miwani ya jua, na mwishoni kabisa, pale ambapo msomaji ameshapiga miayo, ikakaa Ibara ya Kumi na Nne. Ilisema hivi: ili ushirikiano uonekane kwa macho, kila nchi itaikabidhi nchi ya pili, kila baada ya miezi mitatu, wahalifu wavuka mipaka wasiopungua kumi na wawili, walio hai na wenye afya ya kutosha kupigwa picha.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wahalifu wenyewe Mwanzala walikuwepo, nisiwadanganye. Kila Jumanne na Alhamisi, jua likiwa utosini, malori kumi na manne yalipita kizuizini yakiwa na magogo ya msitu ambao sheria ilikataza hata kuokota kuni ndani yake. Chini ya magogo kulikuwa na vitu ambavyo tembo hakuvitoa kwa hiari yake. Na juu ya magogo, chini ya turubai, kulikuwa na vijana walioahidiwa kazi za mbali ambazo hazikuwepo, wakikohoa vumbi. Lakini mwenye malori hakuwa mhalifu. Alikuwa Mdau. Ndiye aliyetoa mahema na viti siku ya kusaini mkataba, na gari lake likikaribia, kizuizi kilinyanyuka chenyewe kwa adabu.

Kwa hiyo Kamati ikakamata waliokamatika. Ikamkamata mkunga aliyevuka mikonge kuzalisha, na mtoto aliyezaliwa akaandikwa kuwa shahidi. Ikamkamata mwalimu aliyelala Tambo na kufundisha Bwerere, mfukoni ana chaki mbili za magendo. Ikamkamata mama muuza maandazi pamoja na beseni lake, na ushahidi ukaliwa siku hiyo hiyo. Wakafika kumi na mmoja. Sherehe ya kukabidhiana ilikuwa Ijumaa, mahema yameshaletwa, mawaziri wa nchi zote mbili wameshathibitisha kuja, na mhalifu mmoja anakosekana.

Katika hali hiyo ya taifa, Mzee Ngwale wa Mwanzala akaona ndio wakati wa kufa.

*

Alikufa Jumanne asubuhi kwa uzee, baada ya kumaliza uji wake. Alimwacha binti mmoja tu, Sikudhani, fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mjane, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alikuwa amemuuguza baba yake miaka tisa. Mzee hakuwa na wasia wa shamba wala wa ng'ombe. Alikuwa na ombi moja, na alikuwa akilirudia kila alipokohoa zaidi ya kawaida: "Nikifa, Chitopela anizike. Asipokuwepo Chitopela, niacheni hapo hapo kitandani, nitawanukia mpaka mumwite."

Chitopela alikuwa mtani wake.

Nieleze kidogo, maana wapo siku hizi wanaodhani utani ni kuchekeshana kwenye simu. Watu wa Mwanzala upande wa Tambo ni Wamele, na upande wa Bwerere ni Wapunji. Zamani hao walichinjana. Walichinjana vizazi vitatu, mpaka wakabaki wachache na wote wana makovu. Ndipo wazee wakakaa wakaona kwamba matusi yana nafuu kuliko mikuki, wakawekeana utani. Kuanzia siku hiyo Mmele anamtukana Mpunji atakavyo, Mpunji anambeba kuku wa Mmele mchana kweupe, na ni mwiko kukasirika. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye shughuli. Ndiye anayechimba kaburi, anavaa koti la marehemu, anaigiza kikohozi chake na uchoyo wake, analala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na kifo kinapungua ukali. Udongo wa kwanza anautupa yeye. Bila mtani, huo si msiba, ni kikao.

Huo ndio uliokuwa mkataba wao wa usalama. Haukuwa na hata ukurasa mmoja, na kwa miaka mia na ushee hakuna Mmele aliyemchoma mkuki Mpunji.

Sikudhani akatuma neno ng'ambo ya mikonge. Jumatano mchana Chitopela akafika na wenzake wanne, mzee mrefu mwenye meno machache na sauti ya mnada. Aliwakuta watu wamejaa kimya kimya, akasimama uani, mikono kiunoni.

"Ngwale yuko wapi? Nimesikia amekufa bila ruhusa yangu. Mtu mwenye pupa huyu. Hata kaburi ametaka atangulie kulichukua."

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Sikudhani, ambaye tangu Jumanne kifua kilikuwa kimembana, akasikia pumzi inaingia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Na wewe, binti wa mchoyo," akamgeukia, "umenipikia nini? Au ugali wenu ule ule wa kupima kwa kijiko?"

"Nimekupikia panya, mtani," Sikudhani akamjibu. "Si ndio mboga yenu Wapunji?"

"Ahsante. Angalau umejifunza ustaarabu."

Basi mambo yakawa motomoto. Chitopela akavaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, akawakoromea wajukuu wa jirani kama alivyowakoromea marehemu. Walipofika makaburini akarukia ndani ya shimo, akajilaza chali. "Sitoki," akasema. "Hili ni langu, nililiwekea nafasi siku nyingi. Na huyu maiti ni wangu, nimemuua mwenyewe kwa kumchosha. Leteni jogoo, la sivyo namvusha Bwerere leo leo, mtamtafuta hamtamwona."

Waombolezaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakucheka, kwa sababu alikuwa anaandika.

Mkataba uliagiza kwamba mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya kumi karibu na mpaka uhudhuriwe na mwakilishi wa Kamati, na mwakilishi siku hiyo alikuwa Koplo Namkoko. Naye alikuwa Mmele, tena wa kuzaliwa papo hapo Mwanzala, na alikwisha kula ubwabwa wa misiba ya utani tangu hajaota meno. Kalamu yake ilikwenda mbio. Mtuhumiwa alikiri kuingia nchini bila kibali. Mtuhumiwa alikutwa na koti la marehemu akiwa amelivaa, kwa nia ya kughushi utambulisho. Mtuhumiwa alikiri kuua. Mtuhumiwa alimteka nyara maiti, akadai kikombozi cha kuku mmoja, dume. Mtuhumiwa alitangaza mpango wa kusafirisha binadamu kuvuka mpaka.

Alipomaliza akapiga filimbi, askari sita wakatoka nyuma ya miti, wakamchomoa Chitopela kaburini wakiwa wamemshika makwapa. Mzee mwenyewe alicheka njia nzima mpaka kwenye gari, akiamini watani wamebuni mchezo mpya. Hakuacha kucheka mpaka walipomfunga pingu, na hata hapo alisema tu kwamba pingu za Wamele ni fupi kama akili zao. Koplo akaliandika na hilo.

Sikudhani akasema basi, tuwaombe wamrudishe Chitopela baadaye, kwanza tumhifadhi marehemu kivulini. Koplo Namkoko akazungushia jeneza utepe wa njano.

"Hiki sasa ni kielelezo," akasema bila kumtazama usoni. "Na lile shimo ni eneo la tukio. Hakuna kuzika."

*

Alhamisi asubuhi Sikudhani akaenda Kituo cha Pamoja cha Usalama, Uhamiaji na Utulivu. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: ampate Chitopela kabla ya jua la saa nane, baba yake azikwe kama alivyoomba. Siku ya tatu ilikuwa imeingia. Jana usiku alikuwa ametandaza majani ya mkaratusi chini ya jeneza na majivu pembezoni, na alijua vizuri kabisa majani yana uwezo gani na hayana uwezo gani.

Mkuu wa kituo alikuwa Inspekta Kitundu. Huyu pia Mmele. Alimpokea kwa hotuba, kwa sababu alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba ya Ijumaa na hakutaka kuikatiza.

"Ndugu mwananchi," akaanza, "mipaka yetu si uchochoro. Dunia ya leo ina wahalifu wa kisasa, wenye mbinu za kisasa, nasi tumejipanga kisasa. Nasikia unalalamika kuhusu utani. Utani ni jambo jema. Ni utamaduni, na serikali inauthamini sana utamaduni, hasa siku za maonyesho. Lakini mkataba nimeusoma jalada kwa jalada, na utani haumo."

"Afande, baba yangu ananuka," Sikudhani akasema.

"Ndiyo maana tunahimiza utaratibu."

"Huyo mzee hajaua mtu. Unajua hajaua mtu. Baba yako mwenyewe alizikwa na nani?"

Inspekta akaipanga miwani yake upya.

"Alizikwa na Chitopela," Sikudhani akaendelea. "Nilikuwepo. Alilala kaburini akasema baba yako alikuwa mvivu, hata kufa alikufa amelala. Wewe ulicheka mpaka ukashikwa kwikwi, tukakuletea maji."

"Siku ile," akasema Inspekta polepole, "mkataba ulikuwa haujasainiwa."

Kisha akamweleza njia ya halali, maana serikali haikosi njia ya halali. Alete cheti cha utani. Cheti kithibitishe kwamba mtuhumiwa na marehemu walikuwa watani waliosajiliwa, kisainiwe na mkuu wa wilaya wa Tambo na mkuu wa wilaya wa Bwerere, nakala tatu. Ili apate sahihi ya Bwerere, inabidi avuke mpaka. Ili avuke mpaka, apate kibali, ambacho kinachukua siku ishirini na moja. Na kibali hakitolewi kwa mtu mwenye uhusiano na kesi inayochunguzwa.

"Kwa hiyo haiwezekani," akasema Sikudhani.

"Mama, usiseme haiwezekani. Sema iko kwenye mchakato."

Akamwambia asubiri kwenye benchi. Akasubiri. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, saa sita ikafika. Kupitia dirishani aliyahesabu malori kumi na manne yakinyanyuliwa kizuizi, na kwenye la tisa aliona mkono wa mtu umetokeza chini ya turubai, unapapasa hewa. Askari wa kizuizini aliuona pia. Aliupungia.

Mnaniona nimekunja ndita. Nimekunja, na sikunjui. Mkunga ndani, mwalimu ndani, muuza maandazi ndani, na ule mkono unapungiwa kwaheri.

Mchana wakamtoa Chitopela kumhoji, hapo hapo mbele ya benchi, kwa kuwa chumba cha mahojiano kilikuwa kimejazwa kreti za soda za sherehe. Mzee alikuwa amevimba jicho moja, na shati limechanika. Alipomwona Sikudhani hakumsalimia, akamuuliza kama yule panya amekwisha au kuna mkia wake umebaki. Naye Sikudhani akajilazimisha kumjibu kwamba mkia amemwekea.

"Jina," akasema Inspekta Kitundu.

"Waulize shangazi zako, wananijua."

"Kazi."

"Kuzika Wamele. Ila kazi haiishi, mnazaliana ovyo."

"Mzee, nakuonya. Kila neno linaandikwa."

"Kumbe unajua kuandika? Marehemu baba yako alikuwa akituambia mtoto wake mmoja kaenda shule kwa miaka saba akarudi na mfuko tu."

Hapo mdomo wa Inspekta ukacheza. Sikudhani aliuona. Shavu likapanda, mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda wa pumzi mbili yule mtu akawa si Inspekta tena, akawa mtoto wa Mwanzala aliyeshikwa kwikwi makaburini. Sikudhani akainuka nusu kutoka kwenye benchi. Moyoni akasema, cheka, baba, cheka tu, yaishe.

Inspekta akainua macho ukutani, kwenye picha ya marais wamekumbatiana. Akakohoa. Kicheko kikashuka kama kidonge kichungu.

"Andika," akamwambia Koplo. "Kumkashifu ofisa wa Kamati akiwa kazini. Na kumkashifu baba wa ofisa, ambaye ni marehemu, kwa hiyo hawezi kujitetea."

Mzee Chitopela akamtazama Inspekta kwa muda mrefu. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba huu haukuwa mchezo. Askari wakamrudisha ndani. Usiku huo, walisema waliolala rumande pamoja naye, walikuja watu wanne wakamfundisha namna ya kuzungumza na wafiwa. Walimfundisha kwa saa mbili. Sitaeleza walitumia nini kumfundishia.

*

Ijumaa ikaja na mahema yake. Bendi ya shaba ilipiga nyimbo za mataifa yote mawili, na kwa kuwa hakuna aliyezijua vizuri, watu walisimama mara nne kwa tahadhari. Wahalifu kumi na wawili wa kutoka Tambo walipangwa kwenye jua wakiwa na namba vifuani. Upande wa pili wa mikonge, Bwerere nayo ilikuwa imepanga kumi na wawili wake, akiwemo bibi kizee aliyekamatwa akimtafuta mbuzi. Mdau wa Maendeleo alikaa safu ya mbele, katikati ya mawaziri wawili, akinywa soda ya kwake mwenyewe.

Waziri wa Mipaka wa Tambo alihutubia kwa muda wa saa moja na nusu. Alisema mahusiano ya nchi hizi ni ya damu. Alisema tumewadhibiti mapapa wa uhalifu, akanyoosha kidole kwa muuza maandazi. Alisema kuanzia leo mwananchi wa mpakani atalala mlango wazi. Watu wa Mwanzala, ambao walilala milango wazi tangu enzi za babu zao na walianza kufunga miezi mitatu iliyopita, walipiga makofi walipoambiwa wapige.

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma. Alipoona askari wanne wanakuja wamebeba jeneza la baba yake, akapenya katikati ya watu akaja mbele. Alidhani wamemrudishia. Hata aliwaza atamshukuru nani.

Koplo Namkoko akasogea kwenye kipaza sauti, akasoma: "Mhalifu wa kumi na mbili, raia wa Bwerere, muuaji na mteka nyara wa kimataifa, anakabidhiwa kwa nchi yake. Kwa mujibu wa kanuni, kielelezo hufuatana na mtuhumiwa."

Kwanza Sikudhani hakuelewa. Kisha akaona jeneza linapita mbele yake, linaelekea kwenye mikonge, utepe wa njano unapepea. Akamfikia Koplo kwa hatua tatu, akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, na Koplo akakiachia kwa mshangao.

"Huyo ni baba yangu," akasema, na sauti yake ikaenda mpaka mwisho wa mahema. "Si kielelezo. Ni Ngwale, baba yangu, amekufa kwa uzee. Mnampeleka wapi? Mzee wa watu hajavuka mpaka maisha yake yote ila kwenda kuzika watani, leo mmemgeuza mhamiaji amekufa. Hamna haya? Wezi mnawajua. Mmekaa nao hapo, mnakunywa nao soda. Malori mnayaona. Mimi fundi cherehani nayaona, ninyi wenye miwani hamyaoni? Mlikosa mtu mmoja wa picha, mkaona mmchukue mchimba kaburi. Mungu awalaani, na walio..."

Hapo fundi mitambo akazima. Midomo ya Sikudhani iliendelea kwenda, lakini mahemani kulisikika upepo tu.

Waziri wa Mipaka wa Bwerere, ambaye alikuwa mgeni na alikuwa amesinzia, aliamka akamkuta mwanamke wa kijijini amesimama mbele akitupa mikono. Akadhani ni kikundi cha utamaduni. Akaanza kupiga makofi, na mwenzake wa Tambo akamfuata ili asimwaibishe mgeni, na baada ya hapo hema zima. Sikudhani akasimama katikati ya makofi hayo akiwa na kipaza sauti kilichokufa mkononi, na kila alipofungua mdomo wakazidi kupiga.

Jeneza likavushwa. Chitopela akavushwa nyuma yake, miguu inaburuta. Bendi ikapiga.

*

Upande wa Bwerere nako kulikuwa na utaratibu. Mkuu wa kituo chao alilipokea jeneza, akasaini, akaliweka kwenye ofisi ya vielelezo pamoja na beseni la maandazi. Baada ya nusu saa alitoka ameziba pua. Ofisi haikuwa na jokofu. Akatoa amri kielelezo kifukiwe uani kwa muda, mpaka kesi itakapopangiwa tarehe, na kwa kuwa askari wake walikuwa wamevaa sare za sherehe, akaamuru mtuhumiwa achimbe.

Ua wa kituo hicho uko hatua arobaini tu kutoka kwenye mikonge. Sikudhani alikimbia mpaka kwenye mstari, askari wa Tambo akamzuia kwa mtutu.

"Kibali, mama."

"Wanamzika baba yangu pale. Unaona pale?"

"Naona. Kibali."

Basi akasimama hapo, na majirani zake nyuma yake, wanatazama msiba wao ukifanyika nchi ya nje. Chitopela alifunguliwa pingu, akapewa jembe. Akaanza kuchimba. Alichimba akiwa ameinamisha kichwa, bila kuimba na bila kupumzika, kama mtu anayelima kwa kibarua. Nyuma yao kipaza sauti kilikuwa kimefufuka, na Waziri alikuwa akishukuru wafadhili.

Sikudhani alingoja. Alijua mzee anachoka, amepigwa, lakini alimjua Chitopela. Atasema jambo. Atasema udongo wa Bwerere ni mtamu kuliko wa Tambo, au kwamba Ngwale amehama nchi kukwepa kumpa jogoo. Shimo likafika magotini, likafika kiunoni. Mzee hakusema neno. Likafika kifuani, akatoka mwenyewe, hakujilaza. Askari wakateremsha jeneza kwa kamba, na utepe wake bado umelizunguka. Chitopela akatupa udongo wa kwanza kwa jembe kwa sababu aliamriwa kufukia.

Sikudhani hakuweza kuvumilia. Baba yake hakuwa wa kuzikwa kimya kama mbwa. Kama mtani amesahau kazi yake, atamkumbusha. Akaweka mikono mdomoni akapaza sauti juu ya mikonge.

"Wewe Mpunji! Shimo gani hilo? Unazika mtu au unapanda muhogo? Hata kuchimba mmeshindwa, mla panya wewe, na meno yenyewe huna ya kuwatafunia."

Nyuma yake mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha matumaini. Wote wakanyamaza kumsikiliza Chitopela, maana jibu la matusi hayo lilikuwa wazi, mtoto yeyote wa Mwanzala angelitoa.

Chitopela akasimamisha jembe. Akainua uso, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Midomo yake ikajaribu kitu. Kisha akageuka kumtazama askari aliyesimama kando yake, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima, visigino pamoja, kama walivyomfundisha.

"Pole sana, mama," akasema. "Poleni kwa msiba. Mungu awape subira."

Mtani hatoi pole. Pole inatolewa na mpita njia, na mtu wa ofisini, na mtu asiyemjua marehemu. Tangu mikuki iliposhushwa, miaka mia na ushee, hakuna Mpunji aliyewahi kumwambia Mmele neno hilo, na wazee waliokuwa wamesimama kwenye mikonge walishikana mikono waliposikia.

Sikudhani alikuwa hajalia tangu Jumanne. Akakaa chini kwenye vumbi la Tambo, akaanza.